Fungate ya pili: mwongozo wa mapumziko mafupi ya mke na mume katika nyumba za faragha za Pwani

Mwaka jana mama watoto aliniambia kitu ambacho hakuwa amekisema kwa miaka 18 ya ndoa yetu. Alisema, "Baba Salma, nyumba hizi tunazipita kila siku tukienda harusini Msambweni. Hata siku moja hutaki kujua ndani kuna nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi tukajipanga. Watoto tukawapeleka kwa nyanya yao, tukatafuta nyumba ndogo ya ufuoni kusini mwa Mombasa kwa usiku 2, tukalipa amana kwa simu. Tulipofika getini na gari letu, askari, kijana wa kwetu kabisa, akachungulia kiti cha nyuma kisha akaniuliza: "Mzee, wageni wako wapi?" Alidhani mimi ni dereva na mke wangu ni mfanyakazi niliyempa lifti. Nilikasirika. Tulipoingia ndani mama Salma akanituliza: "Usimkasirikie. Hakukosea yeye, tumekosea sisi tusiokuja."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Yamkini nawe huzipita nyumba hizo, na huenda una mwenzako anayetamani kupumzika nawe siku mbili tatu lakini hajui pa kuanzia. Nitaeleza mahali, msimu, malipo, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, na haki zako ukifika.

Si jambo geni kwetu

Wapo wanaosema mambo ya mume na mke kwenda kujifungia mahali ni ya Wazungu. Sivyo. Babu zetu walikuwa na fungate. Bwana harusi aliingia nyumbani kwa kina bibi harusi, wakakaa ndani siku 7, chakula kikiletwa mlangoni, hawasumbuliwi na mtu ila somo aliyekuja kuwaangalia. Shabaha ilikuwa moja: watu wawili wazoeane bila macho ya watu.

Hata ujenzi wetu ulijua thamani ya faragha. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu, unaanza na daka ambapo mgeni hupokewa, unapita kiwanda kilicho wazi juu, kisha vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine hadi ndani, chumba cha mwisho ambacho mpita njia hawezi kukiona wala kusikia yanayosemwa humo. Wenye nyumba za kifahari wa leo, wanaotangaza utulivu na faragha kwa bei kubwa, wanauza wazo ambalo mafundi wa mawe na boriti walikuwa nalo karne nyingi zilizopita.

Tena dini yetu haikuona haya kwa mume kucheza na mkewe safarini. Tunasoma kuwa Mtume (SAW) alishindana mbio na Bi Aisha (RA) wakiwa safarini, Bi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akashinda. Nani kati yetu amekwenda mbio na mkewe ufuoni, hata mara moja?

Tatizo letu ni kuwa fungate yetu huisha siku ya saba na hairudi tena. Baada ya hapo ni karo, ni wagonjwa, ni harusi za watu na matanga ya watu. Na neno "hoteli" limechafuka: mtu akionekana akitoka kwenye nyumba ya ufuoni, watu huuliza alikuwa na kimada gani. Matokeo yake ni kuwa wenye ndoa za halali huona haya kwenda mahali ambapo wasio na ndoa hawaoni haya.

Ni nyumba gani hizi?

Watu huziita vila. Ni nyumba nzima, au kijumba kilichojitenga ndani ya uwanja wa hoteli, chenye mlango wake, baraza yake, na mara nyingi bwawa lake la kuogelea. Tofauti na chumba cha hoteli ni kwamba hukutani na watu ukumbini wala kwenye ngazi.

Ziko za namna tatu. Kwanza ni nyumba ya kukodi nzima, inayokuja na mpishi na msaidizi. Hii ndiyo desturi ya Shela na Manda: mnatoa pesa za sokoni, mpishi ananunua na kupika mnachotaka. Pili ni kijumba ndani ya hoteli, ambapo chakula kimejumuishwa kwenye bei. Tatu ni nyumba ya kujipikia, unayopewa ufunguo tu. Kwa mke na mume wanaotaka kupumzika kweli, ya tatu ina hatari moja: mke atajikuta jikoni vile vile kama nyumbani. Mkiichagua hiyo, bwana, ingia jikoni wewe.

Wapi pa kwenda

Shela na Manda. Shela iko mwendo wa kama kilomita 3 kutoka mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hakuna magari, ni miguu, punda na boti. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara wa duara uliochongoka, ulijengwa mwaka 1829, na ukilala jirani utasikia adhana zote tano. Ng'ambo ya mlango wa bahari ni kisiwa cha Manda, chenye uwanja wa ndege na magofu ya Takwa. Anayetaka kutengwa zaidi aende upande wa Kipungani, kijiji cha wasukaji mikeka kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Lamu, ambako jirani yako anaweza kuwa mvuvi mmoja na mitego yake.

Watamu na Kilifi. Ni mwendo wa saa 1 hadi 2 na zaidi kidogo kutoka Mombasa kwa gari, kutegemea foleni ya Mtwapa. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, hori la Mida lenye mikoko na ndege, na magofu ya Gede ndani ya msitu. Kilifi ina hori pana na ufuo wa Bofa, na nyumba nyingi zimejificha nyuma ya mibuyu na minazi. Hapa ndipo pepesi kwa mkaazi wa Mombasa au Malindi aliye na siku mbili tu.

Tiwi, Diani, Galu na Msambweni. Diani yenyewe ina watu wengi. Ukitaka utulivu rudi kaskazini Tiwi, au endelea kusini Galu, Kinondo na Msambweni. Mdomoni mwa mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, upo msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu; simama uswali rakaa mbili. Kinondo kuna kaya ya Wadigo, msitu mtakatifu unaotembelewa kwa idhini ya wazee. Angalizo la Diani: kima na tumbili huingia dirishani, kwa hivyo usiache mahamri mezani ukaenda kuogelea.

Wasini. Si mahali pa anasa, lakini ni mahali pa faragha. Unavuka kwa boti kutoka Shimoni. Kisiwa hakina gari, wakaazi ni Waislamu, na akina mama wa hapo wana daraja la mbao la kutembelea bustani ya matumbawe. Kutoka huko ni karibu na hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambapo mwenye bahati huona pomboo asubuhi.

Lini pa kwenda

Kalenda ya mapumziko ya Pwani ni kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi: joto ni kali, bahari imetulia na maji ni maangavu. Huo ndio msimu wa wageni wengi, na wiki ya mwisho ya Disemba bei hupanda kuliko wakati wowote. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba: masika ya Aprili na Mei, kisha baridi kidogo ya Julai, na bahari yenye mawimbi. Baadhi ya nyumba, hasa Lamu, hufungwa kabisa wakati wa masika. Matlai, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, mwezi wa Oktoba na Novemba, ni kizuri kwa wenye mfuko wa wastani: upepo umepungua, wageni ni wachache, ingawa mvua za vuli zaweza kukupata.

Angalia pia mwezi wa angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji kupwa na maji kujaa yaweza kupishana kwa zaidi ya mita 3. Pwani nyingi za kusini, maji yakipwa hutembea mpaka mwambani bila kulowa magoti, na hakuna kuogelea kwa saa kadhaa. Siku za maji mafu, tofauti ni ndogo. Mtoto wa Pwani hafai kuambiwa haya na wakala wa Nairobi. Lakini wangapi kati yetu huangalia kabla ya kulipa?

Malipo

Hapa ndipo wengi hukimbia kabla ya kuuliza. Bei unayoiona kwenye tovuti mara nyingi ni ya dola, kwa mgeni wa nje, msimu wa juu. Kuna bei nyingine ambayo lazima uiulize kwa mdomo wako: bei ya mkaazi. Nyumba nyingi wanayo, na utaombwa kitambulisho. Mwaka 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, wenye nyumba wengi walianza kutangazia Wakenya, na mlango huo haukufungwa tena.

Uliza mambo haya kabla ya kutuma pesa. Je, bei ni ya nyumba nzima au ya kila mtu? Je, VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani au zinaongezwa mwishoni? Je, mpishi amelipwa au mnamlipa nyinyi? Boti ya kuvukia iko kwenye hesabu? Ukighairi, amana inarudi? Omba majibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, na ulipe kwa jina la biashara kuliko nambari ya simu ya mtu binafsi. Matapeli wa nyumba za kukodi wako. Hutumia picha za nyumba za watu wengine. Nyumba halali za wageni hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, kwa hivyo usione haya kuuliza.

Na kama pesa ni ngumu, nenda Jumapili hadi Jumatano badala ya Ijumaa hadi Jumapili, nenda msimu wa chini, na nenda karibu. Fungate haipimwi kwa umbali.

Maswali ya mke na mume Waislamu

Haya hayamo kwenye vitabu vya watalii, na ndiyo yaliyonitoa jasho mimi.

Bwawa linaonekana kutoka wapi? "Bwawa la faragha" kwenye tangazo laweza kuwa bwawa lililo chini ya roshani ya jirani. Omba picha iliyopigwa ukiwa umesimama ndani ya bwawa, ukitazama nje. Uliza kamera za usalama zimeelekezwa wapi. Uliza wafanyakazi, hasa mtunza bustani na msafisha bwawa, huingia saa ngapi, na ukubaliane nao saa ambazo hawaingii bila kubisha hodi. Mke aliyejisitiri mwaka mzima ana haki ya kuoga majini saa moja bila wasiwasi.

Jikoni, sema mapema kuwa hamtumii nyama ya nguruwe wala pombe, na kwamba mnataka sufuria zilizo safi. Mpishi wa Shela hutamweleza mara mbili. Mahali pengine, eleza kwa upole na uombe friji iondolewe vinywaji kabla hamjafika. Usimwachie mke kazi ya kulieleza hili. Ni kazi ya mume.

Kibla ni rahisi kwetu. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka pwani yetu. Ukiwa Diani au Watamu umeelekea bahari, kibla kiko upande wa mkono wako wa kushoto. Kwa safari fupi yenye masafa, kuna rukhsa ya kupunguza na kukusanya sala. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka.

Njia na usalama

Anayetoka Nairobi ana treni mpaka Miritini, au ndege ya Ukunda, Malindi au Manda. Kwa wa kusini, barabara ya Dongo Kundu imeondoa ile kisingizio cha feri ya Likoni. Lamu kwa gari ni kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Safiri mchana, na uliza wenyeji hali ya njia siku hiyo hiyo.

Tusifiche historia. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na mwaka 2014 ukaja mkasa wa Mpeketoni. Walioumia baada ya hapo ni pamoja na nahodha, mpishi, msukaji wa mikeka na kijana wa punda, ambao wageni wao walikata safari kwa kusoma habari kutoka mbali. Mgeni wa ndani ana faida moja: anaweza kumpigia simu binamu yake aliyeko hapo na kupata jibu la kweli, liwe zuri au baya.

Haki yako ufuoni

Nyumba ni ya mwenyewe, lakini mchanga unaofunikwa na maji si wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hivyo askari wa nyumba hawezi kukufukuza unapotembea hapo na mkeo, na wewe uliyekodi nyumba huwezi kumfukuza mvuvi anayepita na ngalawa yake, wala mama anayetafuta chaza maji yakipwa. Faragha yako inaishia kwenye ukuta. Kinachotuuma ni njia za kufikia ufuo, ambazo mahali pengi zimezibwa kwa kuta kati ya nyumba na nyumba. Ukikodi nyumba, uliza wenyeji njia yao ya kwenda baharini iko wapi. Jibu litakuambia mwenye nyumba ni jirani wa namna gani.

La pili ni maji. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka visima vilivyo nyuma ya milima ya mchanga ya Shela. Mchanga ule hunyonya mvua na kuitunza. Kila jengo linalopanda juu ya mchanga na kila bwawa linalojazwa lina uhusiano na ndoo ya mama aliye Langoni. Ukienda Shela, chagua nyumba iliyo ndani ya kijiji kuliko iliyopandishwa mchangani, na ikiwa bahari iko hatua 50 kutoka kitandani, bwawa la nini?

Mkifika

Wekeni simu kwenye droo. Mimi siku ya kwanza nilizungumza na watu 6 waliotaka habari za harambee, na mama Salma akala samaki wa kupaka peke yake. Siku ya pili nilizima. Tulikaa barazani kuanzia alasiri hadi magharibi, tukazungumza juu ya mtoto tuliyempoteza mwaka wa tatu wa ndoa yetu. Miaka 15 tulikuwa hatujalizungumza jambo lile. Nyumbani hapakuwa na saa ambayo hakuna mtu mlangoni. Sikujua kuwa yeye bado huhesabu umri wake kila Rajabu. Nilijua siku ile.

Hilo ndilo lililonilipa. Bwawa hatukuligusa.

Tulipoondoka askari yule yule alitufungulia geti. Akamwamkia mke wangu, "Shikamoo mama," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama bei ya mkaazi kweli iko, maana ana mwaka mmoja tangu aoe na hajawahi kumleta mkewe upande huu wa ukuta. Nikamwambia iko, aulize ofisini kwake mwenyewe, na asikubali jibu la kwanza.